Aliyesubiri Wageni Waondoke

Wanawake waliokuwa wakiingia naye ndani walinisimulia kwamba sherehe ikipamba moto, ngoma inalia na udi umejaa nyumba nzima, yeye alipiga picha kama mtu anayefagia ua: kwa utaratibu, bila furaha wala kinyongo, akitimiza alicholipwa. Ila wageni wakianza kuaga, viti vya plastiki vikipandanishwa kimoja juu ya kingine, hapo ndipo mgongo wake uliponyooka. Alibadilisha betri, akafuta kioo cha kamera kwa ncha ya mtandio, akajibanza kwenye kona asiyoitazama mtu. Mimi mahali pangu palikuwa barazani pamoja na mabegi, na nikimharakisha kwa sababu ya gari la mwisho, jibu lilitoka dirishani: "Subiri watu waondoke. Hao walikuja kuonekana. Mimi namtaka anayebaki."

Mji wa Bagamoyo ulimwita Mama Mkanda, tangu enzi zile picha za harusi zilipokuwa kwenye mikanda myeusi mikubwa kama matofali ya sabuni. Mikanda ilikwisha, zikaja sahani za CD, zikaja flashi, jina likabaki. Alikuwa mwanamke pekee niliyemjua mimi, kuanzia mjini mpaka Msata, aliyekuwa na kamera ya maana na anajua kuitumia. Kwa hiyo mambo yote ambayo wanaume hawaruhusiwi kuyaona, bibi harusi anaposingwa, anapofundwa, mama zake wanapocheza wamevua mitandio, yalikuwa yake peke yake.

Nilimbebea vifaa kwa miaka kadhaa, nikienda na kurudi. Mimi ni mtu wa njia. Nimekuwa utingo, nimevuna chumvi, nimelinda nyumba ya wageni, nimeuza nguo za mitumba kwenye minada. Kila nilipochoka mahali nilirudi kwake, naye hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi. Aliniuliza kama nimekula, akanionyesha begi la bluu. Hilo la bluu, la taa na nyaya, lilikuwa la kubeba mimi. Mkoba mweusi wenye picha zenyewe aliubeba yeye, hata alipokuwa anaumwa kiuno mpaka anatembea kwa upande. Picha za wanawake hazikupita mikononi mwa mwanaume. Alikwenda mwenyewe kwa mama wa bibi harusi, akamkabidhi mkononi, akasubiri mpaka aone kabati limefungwa kwa ufunguo.

Huko Fukayosi kuna baba mmoja, mwenye sauti na shamba kubwa, alimzuia mlangoni akitaka apewe yeye. Alisema harusi nzima ameigharamia yeye, hata huyo mpiga picha amemlipa yeye. Mama Mkanda alimsikiliza hadi mwisho.

"Na pilau umeigharamia wewe," alimwambia. "Mbona hukuingia jikoni kuipika?"

Watu walicheka, yule baba akacheka nao, na mkanda ukaenda kwa mkewe.

Filamu zake fupi zilitokana na mabaki. Mwisho wa kila mkanda, baada ya wageni, alikuwa amenasa vitu ambavyo hakuna aliyeviagiza: shangazi anakunja mkeka peke yake, bibi amesahaulika kwenye kiti, dada wa bibi harusi amesimama mbele ya kioo anajipima mtandio usio wake. Akawa anavikata na kuviweka kando. Alijifundisha kuhariri kwenye kompyuta ya mpangaji wake mmoja, kijana wa chuo, na kijana alipohama alimwachia ile kompyuta kwa sababu, alivyoniambia mwenyewe, ilikuwa imeshamzoea mama kuliko yeye.

Ninayoipenda kuliko zote ni ya mzee wa Fukayosi. Mzee huyo alikuwa anaishi na mbuzi wawili na simu ndogo ya vitufe, na hakuwa na wa kumpigia. Basi kila siku baada ya alasiri alipiga huduma kwa wateja. Alianza kwa kuuliza salio, analolijua, maana halikuwepo. Kisha akauliza mvua imenyesha huko mjini au bado. Mabinti wa upande wa pili walikuwa wameshamzoea, kwenye filamu unasikia mmoja akisema, "Shikamoo mzee, leo umechelewa." Picha ni ya mkono wake tu na simu, na kidole gumba kinachopapasa kitufe chekundu asitake kukibonyeza. Dakika saba. Nilipoiona mara ya kwanza nilitoka nje nikajifanya natafuta mahali pa kujisaidia.

Nyingine ni ya mjane kijana wa Ubena aliyekuwa anakaa eda. Utaona pazia, na kivuli cha mtu kwenye pazia, na utasikia jirani wa nje akimpigia hadithi kupitia dirishani kuhusu bei ya mchele na mume wake mlevi, siku hadi siku, mpaka unafahamu kwamba jirani naye ni mpweke kuliko aliye ndani. Nyingine ni ya mama wa chai pale Msata, mahali mabasi yanaposimama. Anamjua kila dereva kwa kinywaji chake: huyu tangawizi, huyu sukari mbili, huyu maziwa bila majani. Hajui jina la hata mmoja. Kamera imewekwa usawa wa meza, unaona vikombe tu vinakuja na kuondoka.

Hizi zote alizionyesha kwanza nyumbani kwa aliyemo ndani yake, kijijini kwake, hata kama ni nyumba nne na kibanda. Tulifunga shuka jeupe kwenye ukuta wa shule au wa ghala, tukawasha jenereta mbali kidogo ili kelele zake zisiharibu. Aliyepigwa picha alikaa mbele kabisa, kwenye kiti chenye mgongo. Filamu ikiisha, hapakuwa na hotuba. Mama Mkanda alisimama akasema, "Mmemwona. Sasa msalimieni." Watu wakapanga foleni, wanaume kwa mwanaume, wanawake kwa mwanamke, wakamsalimia mmoja mmoja jirani waliyempita kila siku. Yule mzee wa mbuzi wawili alisalimiwa na kijiji kizima mpaka akaomba apumzike. Wiki iliyofuata, tulipopita kumrudishia kiti, alilalamika kwamba sasa watu wanamjia mno na mbuzi wake hawali kwa utulivu.

Nisiseme uongo, yeye mwenyewe hakuwa mtu wa watu. Ukimtembelea bila sababu alikukaribisha vizuri, akakuletea chai, akakaa, na baada ya muda unaona anakutazama kama anavyotazama wageni wa harusi, akisubiri. Hakupenda simu. Aliwagombeza kuku wake kwa majina ya majirani. Akinitania aliniita mzururaji, na kila niliporudi aliniuliza huko nilikokuwa wamenifukuza au nimechoka mwenyewe. Lakini mwezi ule nilipolala na homa nyumbani kwake, alikaa kando ya kitanda siku tatu akihariri, hatukuzungumza maneno kumi, na sijapata kukaa na mtu vizuri kama siku zile.

Jambo lililowashangaza watu wa mjini Dar zaidi ni kwamba filamu zake hazina nyuso. Mikono, visigino, migongo, ncha ya kanga, kivuli. Nywele za mwanamke huzioni kabisa. Walikuja vijana wawili na binti mmoja, wenye miwani na vitabu, wakamuuliza kuhusu mtindo wake. Walisema unamfanya mtazamaji ajione yeye mwenyewe. Walikuwa wameyafikiria maneno yao, na nadhani hawakukosea. Mama Mkanda aliwajibu kwamba ni kwa sababu ya dada yake. Wakaandika. Hawakuuliza zaidi, wakidhani ni shukrani.

Dada yake mkubwa alikuwa anaishi upande wa pili wa ukuta. Nyumba ilikuwa moja, ya urithi, iliyogawanywa katikati. Uani palikuwa na mlango wa kupitiana ambao ulikuja kuzibwa kwa matofali. Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki kumwoza, na binti huyo alipoolewa Msata, Mama Mkanda alipiga picha za harusi ile bila malipo, siku zote tatu. Mimi nilikuwa barazani kama kawaida. Asubuhi baada ya bibi harusi kuondoka, wageni wote wamekwenda, dada mtu aliingia jikoni kuosha masufuria. Nilikuja kuambiwa kwamba huko alikuta pilau iliyobaki. Akakaa chini kichwa wazi, kanga imeanguka mabegani, akala kwa mkono kutoka kwenye sufuria, pilau ya baridi, na huku analia. Mama Mkanda alisimama mlangoni na kamera mpaka mwisho.

Ilikuwa filamu yake ya kwanza kamili. Aliipeleka kwenye tamasha la filamu fupi huko mjini Dar, akiwaza kwamba huko hawajulikani. Watu waliipenda. Mmoja wao aliirekodi kwa simu kutoka ukutani ilipoonyeshwa, ikatembea simu hadi simu, na kabla ya mwezi kwisha shemeji wa bibi harusi alikuwa anaitazama Msata, mwanaume mzima, anamwangalia mama mkwe wa kaka yake na nywele zake nje. Taarifa ilirudi Bagamoyo kwa mdomo wa mkwe.

Mwanamke aliyelinda mikanda ya wilaya nzima, aliyewanyima akina baba picha za mabinti zao, alikuwa amemtoa hadharani dada yake mwenyewe. Siku moja tu aliwahi kunieleza, tukiwa tunasubiri gari.

"Wengine wote niliwaomba ruhusa," alisema. "Yeye nilimwona kama mimi. Nani anajiomba ruhusa mwenyewe?"

Alikwenda kuomba radhi siku ile ile habari ilipofika. Dada alimsikiliza akasema, "Nimesamehe," akafunga mlango. Akatuma wazee wa mtaa. Dada akawaambia amekwisha samehe. Akamtuma mama mmoja mtu wa dini, anayeheshimiwa. Jibu likawa hilo hilo, pamoja na sahani ya tende. Halafu fundi akaja kuziba mlango wa uani. Tangu hapo walisalimiana kwenye misiba tu. Mama Mkanda aliifuta filamu kila ilipokuwa, akaweka nadhiri kwamba hatamwonyesha tena mtu uso wala nywele. Hiyo ndiyo asili ya ule mtindo. Zile filamu zote nilizowasimulia alizitengeneza akiwa nyuma ya ukuta ambao upande wa pili wake alimsikia dada yake akikohoa, akiwasha redio, akisukuma kitanda. Kila filamu mpya alipeleka habari yake kwa mtu wa kumfikishia: mwambieni hakuna nywele hata moja. Na kila mara dada akasema vizuri, Mungu ambariki, na mlango ukabaki na matofali yake.

Sisi tuliokuwa karibu tuliona yule dada ni mgumu. Nilimwona hivyo hata mimi, nikimbeba moyoni kama mtu aliyemkosea mama yangu.

Nilipotoka Ubena mara hii ya mwisho, nilikuwa nimekaa huko karibu miaka minne. Nilimkuta Mama Mkanda amekonda, jicho la kushoto lina ukungu. Hakunitania. Aliniambia kesho asubuhi gari linakuja. Binti anamchukua mama yake kwenda kuishi naye Msata, na upande ule wa nyumba utapangishwa. Nilikuwa bado nimesimama na begi langu.

"Nenda kwake," alisema. "Wewe hujawahi kutumwa. Mwambie naomba radhi kabla hajaondoka. Sitaki wapangaji waje kukaa pale hajanisemesha."

Nilimwambia radhi alikwisha pewa mara nyingi kuliko hesabu. Alisema anajua. Alisema nenda.

Nilizunguka kwa mbele, nikapiga hodi, nikasema shikamoo. Dada mtu alikuwa barazani, mizigo imefungwa, anafunga mdomo wa gunia kwa sindano kubwa. Alinijua mara moja. Aliniuliza habari za huko nilikokuwa, za afya, za mvua, akanikaribisha mkeka, na nilipotoa ujumbe wangu hakuinua macho kwenye gunia.

"Mwambie nimesamehe," alisema.

Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilimwambia, kwa heshima zote, kwamba hilo neno limeshafika miaka yote hii na halijafungua mlango, na kwamba mdogo wake hajapiga picha ya unywele wa mwanamke tangu siku ile. Hapo akaweka sindano chini.

"Nywele," alisema. "Mwanangu, mimi mtu mzima. Nywele zangu zimeonekana, zimeonekana. Mkwe alikuja akaniomba radhi, yakaisha. Wewe siku ile ulikuwa barazani hapa. Ulinisikia ninalia?"

Nikamwambia nilisikia.

"Wewe mwanaume, usingeweza kuingia. Yeye alikuwa mlangoni. Mtoto wangu wa mwisho ametoka, nyumba imebaki mimi na masufuria, ninalia, ninamwona mdogo wangu amesimama pale, nasema moyoni sasa atakuja. Ananitazama kwa lile jicho moja la mashine. Nikalia mpaka nikamaliza. Akasema, 'Dada, imetoka vizuri.'" Alichukua tena sindano. "Sasa kila mwezi ananiletea habari za nywele."

Nilimuuliza kwa nini hakulisema hili kwa wazee, kwa yule mama mtu wa dini. Alinitazama kwa mshangao wa kweli. Alisema mambo kama hayo hayasemwi kwa kutumana. Mtu anayajua au hayajui.

Nilirudi upande wa pili nikayasema yote, nikijitahidi yasibadilike. Mama Mkanda alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kuhariria, kompyuta imezimwa. Nilipofika kwenye "imetoka vizuri," aliniinulia mkono ninyamaze. Akaniomba niyarudie maneno hayo, hayo tu. Nikayarudia.

"Nilisema hivyo," alisema. "Nilikuwa nimesahau kwamba nilisema."

Alibaki kitini. Kuku waliingia wakatoka, hakuwagombeza. Nilitegemea atalia, au atanieleza jambo, maana tulikuwa tumejuana miaka mingi na nilidhani ninastahili kuelezwa. Aliinuka akajitanda mtandio. Mkono wake ulikwenda kwenye mkoba wa kamera uliokuwa umetundikwa kwenye msumari, kwa mazoea, jinsi mwingine anavyoshika ufunguo akitoka. Ulifika, ukagusa kamba, ukarudi.

Nilimfuata hadi nje nikakaa barazani kwake. Alitembea zile hatua chache mpaka mlango wa dada yake, ambaye alikuwa ameshaingia ndani. Alipiga hodi. Akapiga tena.

"Nani?"

"Mimi."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anapita njiani na ndoo alipunguza mwendo, akaona ninamtazama, akaongeza.

"Umekuja na mashine yako?"

"Sina kitu."

"Basi sukuma, haujafungwa," dada alisema kutoka ndani. "Na uvue viatu, nimeshadeki."

Mama Mkanda alivua ndara zake, moja ikaanguka kifudifudi, hakuirekebisha. Mlango ukafunguka, ukarudi nyuma yake. Nilikaa pale nikisikia kabati likifunguliwa, sahani zikitolewa kwenye mzigo uliokuwa umeshafungwa, sauti ya dada ikilalamika kwamba kamba yenyewe ameifunga asubuhi, na sauti ya mwingine ikisema jambo nisilolisikia. Nikajikuta nimetega sikio. Nikainuka, nikachukua begi langu, nikaenda zangu stendi.